Kuwapenda mamodo na huku unajifunza kuukubali mwili wako, inawezekana au ni unafiki?

SketiNdefu

Habari zenu wadau, naombeni mawazo kwenye hili maana nimelizungusha kichwani mpaka nimechoka mwenyewe. Mimi napenda mitindo, tena sio kidogo, naangalia maonyesho ya mavazi mpaka usiku wa manane, mamodo nawajua kwa majina, najua nani alitembea kwenye shoo ya nani na msimu gani. Upande mwingine mimi ni mnene, nimekuwa mnene tangu utotoni, nimeshajinyima kwa kila namna inayotajwa mtandaoni na kila nikipungua mwili unarudi na riba. Sasa nimeamua basi, nimeacha ugomvi na kioo, najifunza kuishi na huu mwili nilionao na kuuvalisha vizuri.

Shida imeanza pale rafiki yangu mmoja aliponiambia eti huwezi kusema unajikubali halafu kutwa unawashangilia wale wasichana wembamba, kwamba huo ni unafiki, na kwamba hao hao mamodo ndio waliotufanya tujichukie. Nilikosa jibu, maana kuna siku kweli nikimaliza kuangalia picha zao najikuta nimesimama mbele ya kioo nafinya tumbo. Lakini kuna siku zingine naangalia na wala sijiwazi mimi kabisa, nafurahia tu nguo inavyocheza mtu akigeuka.

Sasa inawezekana kuwapenda hawa watu na kazi yao bila kujipima nao? Na la pili, dogo tu, nikitaka kumsifia modo, awe mwembamba au bonge mwenzangu, niandike nini ambacho hakiwi ni kumpima? Maana nikisoma komenti za watu chini ya hizo picha naona ni mizani tupu.

FundiSindano

Dada, rafiki yako kachanganya mtu na kipimo. Mimi ni fundi nguo na nimefanya sana kazi ya kuvalisha nyuma ya jukwaa, ngoja nikupe ya jikoni.

Nguo ya maonyesho inashonwa kabla modo hajachaguliwa. Inashonwa moja tu, kwa kipimo kimoja, tena kidogo, halafu ndo anatafutwa wa kuingia mle. Ndio maana unawaona wanafanana. Hakuna mkutano uliokaa ukaamua huu ndio mwili mzuri kuliko yote, ni kwamba muda hakuna, kitambaa ghali, na ile sampuli ikitoka jukwaani inapelekwa ikapigwe picha za majarida kwa hiyo kila atakayeivaa lazima aenee. Urefu nao ni hivyohivyo, wa kike wanataka awe sentimita 175 hadi 180 hivi ili nguo ianguke inavyotakiwa. Ni vipimo vya kazi. Wewe hukuzaliwa ili uingie kwenye sampuli ya mtu, na mimi pia.

Halafu hata hao wenye vipimo nguo mara nyingi haiwakai! Tunabana kwa nyuma kwa pini na vibanio. Picha ukiiona kwa mbele unasema lo, kiuno hicho, ukizunguka nyuma ni vibanio mstari mzima kuanzia shingoni. Mteja akiinunua ile nguo ikamkaa vibaya mgongoni anaulaumu mwili wake wakati yule wa kwenye picha hata kukaa chini hawezi. Kwa mamodo wanene ni kinyume chake, kuna wakati anawekewa sponji ndani ajae nyonga, kwa sababu aliyeagiza picha anataka uso uwe mwembamba, shingo ndefu, halafu mwili uwe mnene, vyote kwa mtu mmoja. Na mawakala wanamuita plasi saizi msichana ambaye akiingia duka la kawaida anapata nguo bila hata kuuliza. Kwa hiyo usifikiri wewe bonge ndo umeachwa peke yako, hata yule anayekuwakilisha wewe amejazwa sponji 😂

Sasa kupenda kazi yao ni sawa kabisa. Kutembea na kiatu kirefu ambacho sio saizi yako, sakafu inateleza, taa zote machoni, uso usiseme chochote, na bado kila hatua nguo ionekane, mimi nimewaona wanaojua na wasiojua na tofauti ni kubwa mno. Ukimuangalia mcheza mpira akipiga chenga huendi nyumbani kuichukia miguu yako. Muangalie modo kwa jicho hilohilo.

Mpingo77

Mimi nitasema ambacho wengi humu hamtaki kusikia. Haya mambo ya kujikubali yamevuka mpaka. Presha ipo, kisukari kipo, magoti yanauma watu, halafu mnaanza kuwapamba mabonge kwenye majarida vijana waone unene ni dili. Yaani modo mwembamba mnamuita mgonjwa, modo mnene mnamuita shujaa. Sisemi watu watukanwe ila tusidanganyane bwana.

Kipepeo_Mweusi

Mimi napenda wote jamani, hasa wale wa namba nane, napita tu 😋

FundiSindano

Kipepeo umepita vibaya, mwenye mada kauliza kuhusu mizani wewe unaleta nyingine. Rudi nyuma usome tena.

NesiWaZamu

Mpingo77 kaka yangu, kwenye presha na kisukari sikupingi, nawaona kila siku kazini. Ninakopishana na wewe ni pale unapodhani kumuona modo bonge kwenye gazeti ndio kunamnenepesha mtu. Mtu ananenepa kwa vitu vingi, chakula, urithi, usingizi, dawa anazotumia, msongo, kazi ya kukaa, umaskini wa muda wa kupika. Picha ya mwanamke mnene aliyevaa gauni zuri haimo.

Kilichomo ni aibu. Kuna utafiti ulifanyika Marekani ukachapishwa 2013, waliwafuatilia watu wazima zaidi ya 6,000 kwa miaka minne, wale waliosema wamebaguliwa kwa sababu ya uzito walikuwa na uwezekano wa kufikia unene uliopitiliza mara mbili na nusu kuliko ambao hawakubaguliwa. Umeona? Kumsema mtu hakumpunguzi. Na mimi ninachokiona kwa macho yangu ni kwamba mtu akishatukanwa kwa mwili wake anaacha hata kuja kupima, anaogopa mizani ya pale mlangoni, anakuja siku mguu umeshavimba. Anayeuheshimu mwili wake anakuja mapema. Kujikubali sio kusema sitaki kupima presha, ni kusema mwili huu ni wangu kwa hiyo nitauhudumia ulivyo leo, sitasubiri mpaka upungue ndo niupende.

Na kingine, watu wanapenda sana kutaja BMI, ile namba ya uzito wako ukilinganishwa na urefu. Ile hesabu msingi wake uliwekwa na Mbelgiji, Adolphe Quetelet, miaka ya 1830, alikuwa mtu wa hesabu na nyota, hakuwa daktari, alikuwa anatafuta wastani wa watu wengi. Jina la BMI lilikuja baadaye sana, 1972. Inasaidia kuangalia kundi zima lakini kwa mtu mmoja haikwambii mafuta yamekaa wapi, haijui misuli. Sisi tunaitumia kama mlango wa kuanzia, halafu tunapima presha, sukari, kiuno, tunauliza habari za nyumbani. Wewe wa kwenye simu huna hata kimoja cha hivyo, una picha tu, sasa unampaje mtu ugonjwa kwa picha?

SketiNdefu, nije kwako mdogo wangu. Kufinya tumbo mara moja moja baada ya kuangalia picha ni kawaida ya wengi. Ila ukiona unaanza kuruka milo kwa sababu ya picha, au unakula kwa kujificha halafu unajilazimisha kutapika, au kutwa nzima kichwani ni mwili tu, hapo usibaki na sisi humu, nenda kamuone daktari au mshauri wa mambo ya akili. Hayo yanatibika, na yanawapata wanene na wembamba, wanawake na wanaume.

Kimbaumbau_Halisi

Asanteni kwa kusema na wembamba maana sisi huwa tunasahaulika. Mimi nina mwili ambao wengine wanauita wa modo na maisha yangu yote nimeulizwa kama naumwa, kama nyumbani hatuli, nimeambiwa upepo utanipeleka, wanaume wanasema wanataka kitu cha kushika. Halafu hao hao watu wanaposti picha za kuwatetea mabonge wanaandika "mwanamke wa kweli ana nyama". Sasa mimi ni wa uongo? Mimi ni kivuli? Ukimnyanyua mmoja kwa kumkanyaga mwingine hujabadilisha chochote, umegeuza tu foleni, wa mbele kaenda nyuma.

Ila niwe mkweli, sitajifanya tuko sawa. Mimi nikiingia dukani nguo zipo. Kwenye kiti cha ndege naenea. Daktari haniambii kila ugonjwa ni uzito. Bonge anapata maneno na anapata na milango iliyofungwa, mimi napata maneno tu. Kwa hiyo nikisema naumia sitaki mtu afikiri nashindana nao.

BwanaPushapu

Na sisi wanaume mtuweke basi maana hili wengi tunakufa nalo kimya. Zile picha za modo wa kiume mwenye tumbo la vigae, wengi wao siku ya kupigwa picha wamejinyima maji na chumvi tangu jana ili ngozi ishike misuli, wanapiga pushapu dakika mbili kabla ya kamera, wanapakwa mafuta, taa inawekwa juu kwa pembeni ili vivuli viingie kwenye mifereji. Mwili ule unadumu mchana mmoja tu, kesho yake mwenyewe hana! Halafu dogo wa miaka kumi na saba anauona anadhani ndo hali ya kila siku, anaanza kutafuta sindano za kujaza misuli. Nimewaona gym. Mwanaume akisema anauchukia mwili wake anachekwa, basi anachoma sindano.

Lenzi_Moja

Naunga mkono hapo juu, mimi ni mpiga picha. Niongeze dogo tu la kamera. Lenzi pana ukiisogeza karibu inakuza kilicho mbele, ukijipiga kwa simu kwa mkono ulionyooka pua inakuwa kubwa kuliko ilivyo, modo anapigwa na lenzi ndefu kutoka mbali na uso unatulia. Uzito anauweka mguu wa nyuma, bega moja linakuja mbele, kidevu kinasogea mbele na chini kidogo. Na kwa picha moja uliyoiona zimepigwa mia na kitu zikatupwa. Baada ya hapo ndo inaenda kuhaririwa. Sasa wewe unajilinganisha na nini, na mtu au na kazi ya watu nane?

Mpingo77

Sawa nesi nimekusoma, hilo la watu kuogopa kuja kupima sikuwa nalijua. Ila swali langu bado liko palepale, hao mamodo wembamba kupita kiasi nao je, au wao hawaguswi?

Makabrasha

Mpingo swali lako hili ni zuri na lina historia ndefu, mimi napenda kukusanya haya mambo kwa hiyo mnivumilie nitakuwa mrefu.

Mwaka 2006 ndio uliowashtua watu. Agosti, modo wa Uruguay, Luisel Ramos, alifariki Montevideo akiwa kwenye maonyesho, alikuwa na miaka 22. Mwezi uliofuata waandaaji wa wiki ya mitindo ya Madrid wakatangaza kwamba modo mwenye BMI chini ya 18 hapandi jukwaani. Novemba mwaka huohuo Brazili akafariki Ana Carolina Reston, miaka 21, kwa ugonjwa wa kujinyima kula. Hapo ndo watu wakaacha kusema ni umbea. Israeli ikatunga sheria 2012, modo aonyeshe cheti cha daktari kwamba hayuko chini ya 18.5, na tangazo likiwa limepunguzwa mtu kwa kompyuta liseme hivyo. Ufaransa 2017 ikaja na ya kwake, modo lazima awe na cheti cha daktari kinachoangalia afya nzima sio namba moja tu, na tangu Oktoba mwaka ule picha ya tangazo ambayo umbo la modo limepunguzwa au kuongezwa lazima iandikwe kwamba imerekebishwa, faini inaweza kufika euro 37,500 au hata zaidi. Mwaka huohuo makampuni makubwa mawili ya nguo za kifahari, LVMH na Kering, yakakubaliana kuacha kuajiri wasichana wa ile saizi ndogo kabisa na kutowavalisha nguo za watu wazima watoto wa chini ya miaka 16. Norwei nayo kuanzia Julai 2022 tangazo lenye mwili uliochezewa linawekwa alama, na hii inawahusu hata wanaolipwa kutangaza kwenye kurasa zao.

Nimeyataja yote hayo ili mwenye mada amwambie rafiki yake kwamba modo mara nyingi ndiye wa kwanza kuumizwa na kile kipimo. Yeye ni msichana, mara nyingi mdogo, ugenini, ana deni kwa wakala wake la tiketi na chumba, anaambiwa punguza sentimita mbili za nyonga au kazi anapewa mwingine. Hasira za kuelekeza kwake sizioni, labda kwa anayeshika futi.

Ila rafiki yake hajakosea moja kwa moja, picha zina nguvu. Kuna mtafiti wa Harvard, Anne Becker, alikwenda Fiji, sehemu ambayo mwili mkubwa ulikuwa unasifiwa, ukipungua watu wanakuulizia kulikoni. Televisheni ilifika kwenye lile eneo 1995. Aliwauliza wasichana wa sekondari wakati ule, hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Akarudi kuuliza 1998, asilimia 11.3 walisema wanafanya hivyo. Miaka mitatu tu! Waliwauliza wakasema wanataka kuwa kama wale wa kwenye tamthilia. Kwa hiyo anayesema "picha ni picha tu" anajidanganya.

Sasa geuza upande wa pili, nguvu hiyohiyo inajenga. Alek Wek, mzaliwa wa Sudan Kusini, alikimbia vita akafika Uingereza 1991, Novemba 1997 akawa kwenye jalada la jarida la Elle la Marekani, mweusi tii, nywele fupi, hakuna kilichopaushwa. Muigizaji Lupita Nyong'o alisimulia 2014 kwamba alipokuwa mdogo alikuwa anamuomba Mungu aamke ana ngozi nyeupe, na kwamba kumuona Alek Wek akisifiwa dunia nzima ndiko kulikoanza kumfungua. Modo mmoja, mwembamba na mrefu kama wengine wa kazi ile, amemsaidia mtoto mwingine kabisa kuikubali ngozi yake. Iman, modo wa Kisomali, kabla yake alikuwa anajichanganyia mwenyewe vipodozi kwa sababu wapambaji hawakuwa na rangi yake, mwaka 1994 akaanzisha kampuni ya kuviuza. Modo Winnie Harlow ana mabaka ya vitiligo usoni, yaani ngozi inayopoteza rangi, na anapanda majukwaa makubwa. Ashley Graham 2016 akawa modo mnene wa kwanza kutokea kwenye jalada la toleo la nguo za kuogelea la jarida la Sports Illustrated. Usipowaangalia kabisa mamodo unawakosa na hawa.

Na kwa wanaodhani kujikubali ni fasheni ya juzi ya mitandao, chama cha kutetea haki za watu wanene Marekani kilianza 1969, na walikuwa wanadai kazi, matibabu, viti vya kuwaenea. Picha nzuri zilikuja baadaye, na wauza losheni wakaja baadaye zaidi. Mimi binafsi hapo ndipo ninapokuwa na kinyongo, siku hizi kampuni inaweka bonge mmoja kwenye tangazo, bonge mwenyewe mwenye kiuno na shavu lisilo na alama, halafu ukienda kununua saizi yako haipo. Hiyo siiti kukubaliwa.

SketiNdefu

Jamani mmenipa chakula cha wiki nzima, asanteni sana. Nesi nimekusikia, milo siruki kwa sasa ila kuna kipindi nilikuwa naruka na nilishakwenda kuongea na mtu, nashukuru umelisema wazi wengine wasome. Fundi umenichekesha na sponji lakini pia umenitoa jambo moyoni, sikujua kuhusu vibanio!

Naona kama siku ninazofinya tumbo ni zile ninazoangalia picha moja moja kwenye simu, za watu wamesimama tu wamevaa kidogo, moja baada ya nyingine bila mwisho. Siku ninazofurahi ni zile ninazoangalia onyesho zima, nguo zinaanza mpaka zinaisha na mwenye kubuni anatoka mwisho kupunga mkono. Labda tofauti iko hapo.

Lile swali langu la pili mmelikimbia lakini 😄 niandike nini?

FundiSindano

Hatujalikimbia, tulikuwa tunamshughulikia Mpingo.

Sifia alichokifanya. Mkao, mwendo, macho, alivyoibeba nguo nzito ikaonekana nyepesi, rangi ilivyokubaliana na ngozi yake, mapambo, taa, aliyeshona mtaje. Mimi modo akiniambia "watu walisifia mshono" nalala vizuri, na yeye akiambiwa "ulivyogeuka pale kwenye kona" analala vizuri vilevile. Hiyo ni kazi yake, kaijifunza. Kiuno hakujifunza.

Kuna za kuepuka hata kama unaona ni sifa. "Umepungua, hongera" usimwandikie mtu usiyejua kapunguaje, unaweza kuwa unaupongeza ugonjwa au msiba. "Ningekuwa na mwili kama wako ningevaa hivyo" unajitukana wewe na yeye unamfanya kabati la nguo. Na ile ya kumwambia bonge "una ujasiri kweli kuvaa hivyo", aah, hiyo ndo mbaya kuliko zote na inaandikwa na watu wenye nia nzuri kabisa. Ujasiri wa nini? Kavaa nguo ya kuogelea, hajaingia kwenye moto. Mwembamba akivaa ileile mnamwambia kapendeza, basi na yeye mwambieni kapendeza, mbona rahisi.

Kimbaumbau_Halisi

Ongeza na "kula kidogo dada". Tunakula.

Kipepeo_Mweusi

Haya nimesoma zote kuanzia juu. Sasa mtu akiwa na shepu nzuri kweli nisimwambie? Modo si ndo anaiuza hiyo? Naulizia kwa nia njema safari hii.

NesiWaZamu

Kipepeo, uzuri wa mtu hakuna aliyekukataza kuuona, binadamu tuna macho. Anauza nguo, manukato, saa, sio nyonga. Jipime hivi kabla ya kuandika, ungemwambia hivyo uso kwa uso, mama yake amesimama pembeni? Kama ungesema "dada umependeza sana" andika. Kama ungemeza, basi meza na humu.

Mpingo77

Hilo la mama yake pembeni limenimaliza 😂

Mimi sijabadilika sana, bado naona afya iwe mbele, ila nakubali picha sio kipimo na kumsema mtu hakusaidii. Sasa niulize kitu kingine, wenye ulemavu je? Maana mnazungumzia mnene na mwembamba tu, mimi nina mdogo wangu anatembea na mguu wa bandia na anapenda hayo mambo ya mitindo kuliko mwenye mada. Kuna modo wa aina hiyo nimwonyeshe?

Makabrasha

Yupo, tena mkubwa. Mtafute Aimee Mullins, Mmarekani, alikatwa miguu yote miwili chini ya goti akiwa na mwaka mmoja, akawa mkimbiaji wa Paralimpiki, ile michezo ya wenye ulemavu, 1996. Septemba 1998 mbunifu wa mavazi Alexander McQueen akampandisha jukwaani London kwa miguu ya mbao ngumu iliyochongwa maua na mizabibu. Alifungua onyesho. Pia Madeline Stuart wa Australia mwenye Down syndrome alitembea wiki ya mitindo ya New York 2015, na Thando Hopa wa Afrika Kusini, mwanasheria na modo mwenye ualbino. Mwanzie na Aimee lakini.

SketiNdefu

Mpingo nimemtafuta huyo Aimee sasa hivi wakati nasoma. Jamani! Nimeiona hiyo picha miaka yote kwenye vitu vya McQueen na siku zote nilidhani ni buti. Nilikuwa nazitamani hizo buti kabisa. Mwonyeshe mdogo wako, halafu ukipata nafasi mwambie aje humu, mimi nina maonyesho mengi ya kuangalia na sina mtu wa kubishana naye.

Mpingo77

Kashaiona. Anauliza mbao gani.

Makabrasha

Mti unaoitwa ash kwa Kiingereza. Ngumu, wanachongea hata vipini vya nyundo.